Picha Shahidi

1

Bupe aliingia chumba cha picha akinukia mafuta ya parachichi, na papo hapo Subilaga akajua chupa imetoka jikoni kwake.

Mafuta yenyewe si kosa, jamani. Kila mrukaji wa Kituo cha Ikama hupakwa mafuta asubuhi pale kulabu za mabawa zinapotokeza, kwenye yale mashimo mawili ya juu ya mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, ili chuma kisimchubue. Lakini wengine wote hupakwa mafuta ya stoo, meusi, yananuka kama mnyororo wa baiskeli. Haya ya parachichi yalikamuliwa Jumamosi na Gwakisa, mume wa Subilaga, fundi wa mabawa, akiwa amekalia kigoda cha mkewe na kuchujia kitambaa cha mkewe. Alipoulizwa ni ya nani, akajibu, "Ya kazini." Ya kazini! Wakati Subilaga alipokuwa bado anaruka, miaka sita nyuma, alipakwa ya stoo kama watu wote, na hakuna aliyemkamulia hata tone.

"Shikamoo, dada Suba."

"Marahaba. Vua blauzi upande mezani."

Bupe akapanda, akalala kifudifudi. Kwingine watu hupigwa picha za mifupa wakiwa chali, lakini Ikama mgongo wa mrukaji ni wa mabawa, haulazwi juu ya bati la mtu yeyote, na ukibisha watakuona mgeni. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mabega mapana, kicheko hakimkai mbali. Subilaga ndiye aliyemfundisha kuruka. Hata kufunga viatu vya kurukia alimfundisha yeye.

"Shemeji kanisindikiza mpaka mlangoni," Bupe alisema, mdomo umebanwa na mto. "Nikamwambia rudi karakana, hasikii. Utadhani picha anapigwa yeye."

"Ndivyo alivyo."

Alivyo kwa nani? Nyumbani Gwakisa alikuwa mtu wa kuulizwa ndipo ajibu, mpole kupita kiasi, anaosha vyombo bila kuambiwa, anaaga hata akienda dukani hapo nje. Kusindikiza mtu mpaka mlangoni huku anahangaika, hilo Subilaga hakuwa ameliona siku nyingi. Alibonyeza kitufe kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

Upinde wa mashine ukapita juu ya mgongo wa Bupe mara mbili, na mifupa yake ikapanda hewani juu ya meza, myeupe, mikubwa mara tatu, ikizunguka polepole. Mitulinga miwili, kila mmoja umepinda mara mbili, mbele halafu nyuma, kutoka kidarini mpaka begani. Mtulinga ni mfupa wa ajabu. Huanza kuwa mfupa kabla ya mingine yote, mtoto akiwa bado tumboni, halafu ndio unaochelewa kumaliza. Ncha yake ya ndani hukaa wazi mpaka mtu afike miaka ishirini na mitano hivi, na ndiyo sababu Ikama hawamtoboi mtu kulabu kabla ya umri huo. Ya Bupe ilikuwa imefunga vizuri. Katikati hakuna ufa, nje kwenye bega hakuna kulegea. Mizuri mpaka inatia hasira.

Ndipo Jicho likasema. Jicho ni mashine inayosoma picha, na sauti yake ni ya mwanamke asiye na haraka.

"Mtulinga wa kulia. Ncha ya ndani, ukingo wa chini. Shimo, milimita kumi na nane kwa saba, kingo zake zimeparuza. Upande wa kushoto hakuna. Mfupa unaliwa. Pendekezo: mrukaji asimamishwe, kulabu zitolewe leo. Jicho la pili, una neno?"

Jicho la pili ndiye Subilaga. Pale Ikama mashine haihukumu peke yake. Mtu huangalia baada yake, na akiwa na neno hulisema kabla ya kengele ya saa nane mchana. Akinyamaza, amekubali.

Na neno alikuwa nalo, tena kwenye ncha ya ulimi. Ule haukuwa ugonjwa. Chini ya ncha ya mtulinga kuna kano fupi, nene, inayoufunga kwenye ubavu wa kwanza, na mtu akivuta kwa mkono mmoja, kwa nguvu, mwaka hata mwaka, kano ile hujichimbia kitanda ndani ya mfupa. Wasiojua wakikiona hushika vichwa. Subilaga alijua, kwa sababu kitanda kama kile kile, upande ule ule, alikuwa nacho yeye.

"Nitaangalia," alisema.

Bupe alikuwa ameshainuka, blauzi kaikumbatia kifuani. "Dada, unaliwa na nini?"

"Vaa. Utaitwa."

"Wakinitoa kulabu, si ndiyo basi?"

Ndiyo basi. Tundu la kulabu likiachwa wazi hujifunga lenyewe, na mfupa haukubali kutobolewa mara ya pili. Bupe alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, alitaka tu mtu amwambie sivyo. Subilaga akajifanya anafuta meza. Harufu ya parachichi ilikuwa imebaki kwenye mto.

2

Saa tano Subilaga alikuwa dirishani na kikombe cha chai, anatazama Mdomo, ule mwamba wanaorukia. Chini yake mlima unashuka mpaka ziwani. Barabara za huko zilishazolewa na mvua kitambo, na ndege zisizo na rubani zilijaribiwa zikaishia kubamizwa kwenye majabali, maana upepo wa pale hugeuka bila kuaga. Mtu aliyefungwa bawa kwenye mfupa wake huusikia upepo kabla haujamfikia. Basi dawa na damu za vijiji vya ufukweni hushushwa na warukaji tisa, kila mmoja na bawa lake lenye namba.

Namba saba lilikuwa la Subilaga. Ndiye aliyegundua kwamba pale Mdomo, kwa kuwa upepo hupigia kushoto siku zote, ukivuta kamba ya kulia peke yake, kwa bega zima, unainuka hatua kumi kabla ya wenzako. Watu wakauita mvuto wa Suba. Wengi walijaribu, mabega yakawauma, wakarudia mikono miwili. Aliyeuweza ni mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye sasa mwenye namba saba, na asubuhi zote ndiye anayesimama mbele ya Gwakisa, shingo kainamisha pembeni, huku vidole vya Gwakisa vinapapasa juu ya mitulinga yake kutafuta kichwa cha kulabu. Ni kazi, tunajua. Subilaga naye alijua. Lakini kajaribu wewe kukaa dirishani miaka mitano ukiangalia mumeo anamshika mwanamke mwingine pale pale alipokuwa anakushika wewe, halafu uje utuambie kuhusu kazi.

Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Anameza, upo. Anakunywa maji, upo. Na leo, bila yeye kunyanyua kidole, Jicho lilikuwa limemletea dawa. Anyamaze tu mpaka saa nane.

Lakini hata kama angetaka kusema, kulikuwa na jambo. Neno tupu la jicho la pili halitoshi. Sheria inataka picha shahidi, yaani picha ya mtu mwingine mwenye alama ile ile, aliye hai na mzima baada ya miaka mitano. Kuutoboa mfupa wachukue kipande cha kupima haiwezekani, mtulinga uliotobolewa ovyo haubebi bawa tena. Na pale Ikama mwenye shimo lile alikuwa mmoja tu zaidi ya Bupe. Picha zake zilikuwa zimefungwa kwa kidole gumba chake mwenyewe, kama za kila aliyetolewa kulabu, na Subilaga alikuwa na sababu ya kutozifungua.

Hii hapa sababu. Siku ishirini na moja kabla ya kuanguka kwake, alitua vibaya huko ufukweni, akasikia tak! ndani ya bega la kushoto. Hakumwambia mtu. Walikuwa wanamchagua mrukaji wa kwanza wa kuvuka ziwa zima, na jina lake lilikuwa juu. Kila asubuhi Gwakisa alipomkaza kulabu aliona anashtuka, akauliza, "Vipi?" na yeye akajibu, "Nimelalia bega." Siku ya ishirini na moja mfupa ulikatika akiwa hewani. Miti ya chai ndiyo iliyomwokoa. Mtulinga ulitoka vipande vitatu na haukuunga, mpaka leo pale katikati pana kiungo cha uongo kinachocheza akinyanyua ndoo.

Kulabu ya kushoto ilikutwa nje ya tundu lake. Wakamuuliza fundi: uliikaza mpaka mwisho? Gwakisa, mtu mkweli huyo, akasema, "Sina hakika." Wakamsimamisha mwaka mzima. Subilaga alikuwa kitandani, anasikia yote, hakufungua mdomo. Wiki ya kwanza kwa maumivu. Ya pili kwa woga. Baada ya hapo, Mungu anisamehe kwa kulisema, kwa raha. Maana Gwakisa wa zamani alikuwa kijana wa kuitwa kwa jina na kila mwanamke sokoni, na Gwakisa aliyerudi kutoka kwenye kile kikao alikuwa anawahi nyumbani. Hatia ilimfunga kuliko ndoa, na Subilaga aliishika kamba ile kwa mikono yote miwili.

Jicho la wakati ule halikuweza kusoma umri wa mfupa mchanga, ule unaoota penye ufa. La sasa linasoma mpaka siku.

Mlango uligongwa. Alikuwa Gwakisa mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Lusajo."

"Karibu chai."

Hakukaa. "Bupe kaniambia. Mfupa unaliwa?"

"Jicho limesema."

"Na wewe unasemaje?"

"Nina mpaka saa nane."

Gwakisa alitazama sakafu. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kulabu si ninafunga mimi? Wewe bega la kushoto, yeye la kulia. Yeyote ninayemshika namharibu. Nilimkamulia mpaka mafuta ya parachichi nikidhani yale meusi ndiyo yanayoumiza mfupa, nisije nikarudia yale yale. Kumbe wapi! Nimeshamwambia Daktari, baada ya leo spana siishiki tena."

Subilaga aliweka kikombe chini. "Usiongee upuuzi, baba Lusajo."

"Sikia kwanza. Huyu binti hana mtu hapa, mama yake yuko Ileje. Akitolewa kulabu mkono hauinuki miezi mitatu. Nimemwambia aje akae kwetu, chumba cha Lusajo kiko wazi mpaka shule zifungwe. Nitampikia, nitamwosha..."

"Utamwosha?"

"Vidonda, mama Lusajo."

"Ehe. Endelea."

"Nimemaliza. Ndicho kidogo ninachoweza kumlipa." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akavaa kofia, akaaga vizuri kama kawaida yake, akatoka.

Subilaga alibaki amekaa. Nitampikia! Alikuwa amedhani hatia ya Gwakisa ni yake peke yake, na kumbe inagawanyika, kumbe yupo mwingine atakayewahiwa nyumbani, tena nyumba ile ile, kwa sufuria zile zile. Na shimo analolililia Gwakisa halikuchimbwa na kulabu yoyote. Lilichimbwa na mvuto wa Suba. Mtu anakwenda kutupa spana aliyoshika tangu ujanani kwa kosa ambalo halipo, na kwa lile jingine ambalo halikuwa lake.

Mpaka leo ukimuuliza ni kipi kilichomnyanyua kitini, dhamiri au wivu, atakwambia hajui, na hatakuwa anakudanganya.

3

Chumba cha Daktari Nsajigwa kilikuwa tayari. Visu vimepangwa kwenye kitambaa cha kijani, na Daktari mwenyewe, mkuu wa kituo, mzee mwenye masikio makubwa, anaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Bupe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, mabega wazi, macho yamevimba. Gwakisa alisimama nyuma yake na spana, kwa kuwa kulabu hulegezwa na fundi kabla ya daktari kuzigusa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

"Shikamoo, Daktari. Jicho la pili nina neno."

Daktari aligeuka, maji yanamdondoka. "Marahaba. Sasa hivi ndio unakuja? Asubuhi yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Sema."

"Si ugonjwa. Ni kitanda cha kano ya ubavu wa kwanza. Bupe anavuta kwa kulia peke yake. Wenzake wanavuta kwa mikono miwili, ndiyo maana hawana."

Bupe akashika mdomo. Daktari alifuta mikono taratibu. "Nakuamini, binti yangu. Lakini unajua utaratibu. Shahidi yuko wapi?"

Subilaga hakumtazama Gwakisa. Alikuwa ameapa njiani kwamba akimtazama atarudi nyuma. Alikwenda kwenye meza ya picha, akaweka kidole gumba kwenye kioo. Kioo kikawa cha moto kidogo, kisha kijani.

"Fungua zote au upande mmoja?" Jicho likauliza.

Loo! Hilo hakulitegemea. Angeweza kusema, upande wa kulia tu. Watu wote mle ndani wangeridhika. Bupe angeruka, Gwakisa angeendelea kuosha vyombo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Kisha akamwona Gwakisa. Alikuwa amekwishaanza kufunga spana kwenye kitambaa chake, kuizungushia kamba, kama mtu anayefunga kitu ambacho hatakifungua tena.

"Zote," alisema Subilaga.

Mifupa yake ikapanda hewani kando ya ile ya Bupe. Kwa upande wa kulia ilikuwa kama ya mama na binti. Shimo kwa shimo, ukingo kwa ukingo.

"Mtulinga wa kulia," Jicho lilisoma. "Shimo, milimita ishirini kwa saba. Mwenyewe yu hai, miaka sita, hakuna ugonjwa. Ushahidi umekubaliwa. Pendekezo la asubuhi limefutwa."

Bupe alipiga kelele, akashuka mezani, akataka kumkumbatia Subilaga, lakini Jicho halikuwa limemaliza. Jicho halina adabu ya kunyamaza watu wakifurahi.

"Mtulinga wa kushoto. Umevunjika katikati, vipande vitatu, haukuunga. Mivunjiko ni ya nyakati mbili. Mvunjiko wa kwanza ulikuwa umeanza kuotesha mfupa mchanga wa siku ishirini na moja wakati wa pili ulipotokea. Tundu la kulabu halina mkwaruzo wa kulegea. Kulabu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Mfupa ulikatika, kisha kulabu ikatoka."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. Bupe alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaelewa hapaswi kuwepo, akachukua blauzi yake na kurudi nyuma taratibu.

"Ilikuwa imekazwa," alisema Gwakisa. Alisema kama anauliza.

"Ilikuwa imekazwa," alijibu Subilaga.

"Ulisema umelalia bega."

"Nilisema."

"Nilikuuliza kila siku. Kila siku, Suba." Miaka sita hakuwa amemwita Suba, alikuwa mama Lusajo tu, kwa heshima, kwa hofu. "Nikakaa kwenye kile kikao nikasema sina hakika. Nilikuwa nayo hakika! Nilikuona huko kitandani, nikasema nani mimi wa kuwa na hakika."

"Najua."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema woga. Angeweza kusema ziwa. "Ulikuwa unawahi nyumbani," alisema.

Daktari alikohoa. "Subilaga, hili nitaliandika. Na kiti cha jicho la pili hakikaliwi na mtu aliyeficha picha yake. Unalijua."

"Nalijua, Daktari."

Kengele ya saa nane ikalia nje, na wote walishtuka kana kwamba hawajawahi kuisikia.

4

Damu ya kuongezewa mama mmoja aliyejifungua kule ufukweni ilikuwa ikingoja tangu asubuhi, na upepo wa Mdomo ukipita saa tisa haungoji mtu. Basi wakatoka wote watatu, Bupe mbele, bawa namba saba kwenye kigari.

Gwakisa aliinua bawa, akalipachika, akatafuta kichwa cha kulabu ya kulia. Spana ikagonga chuma, ikateleza. Akajaribu tena. Ikateleza tena.

"Mfunge wewe," akamwambia mkewe, bila kumtazama, na kumwekea spana kiganjani.

Subilaga hakuwa amemgusa mrukaji tangu aanguke. Alipaka mafuta ya parachichi kwa kidole, akapapasa juu ya mtulinga wa kulia wa Bupe mpaka kwenye ncha ya ndani, pale kitanda kilipo, chini ya ngozi yenye joto. Damu ya binti yule ilikuwa inadunda pale kando. Ukitaka kweli, robo mzunguko mmoja tu wa spana ukipungua ungetosha kumwangusha. Wazo hilo lilikuja, hatutalificha. Likakaa kidogo, likaenda zake. Alikaza mpaka mwisho, akavuta kujaribu, akakaza ya kushoto, akavuta kujaribu.

"Inauma?"

"Hapana, dada."

"Ikiuma useme. Usiseme umelalia bega."

Bupe alimshika mkono sekunde moja. "Ndaga, dada Suba," alisema, shukrani ya kwao. Akakimbia.

Alivuta kamba ya kulia kwa bega zima, na hatua kumi kabla ya mwisho wa mwamba alikuwa hewani. Subilaga aliona mkono wake mwenyewe wa kulia umejikunja ubavuni, umevuta kamba ambayo haipo. Mwiba ulikuwa bado kooni. Alikuwa amedhani ukweli ungeung'oa, na haukung'oka, ulimchoma tu mahali pengine.

"Nionyeshe," alisema Gwakisa nyuma yake.

Akageuka. Alifungua vifungo viwili vya juu, akashusha ukosi upande wa kushoto. Tangu siku ile ya miti ya chai hakuwa amemruhusu kupagusa, hata gizani alikuwa analalia upande huo. Gwakisa aliweka vidole viwili juu ya mtulinga, akaufuata taratibu kutoka kidarini, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi walipokuwa vijana, mpaka akafika pale katikati, mfupa unapoishia na mwingine unapoanza. Akabonyeza. Vipande viwili vikacheza. Subilaga aliuma mdomo asipige kelele.

"Hapa sikupagusa mimi," alisema Gwakisa.

"Hapana."

"Haya."

Akaondoa vidole. Akampandishia ukosi, akamfunga vile vifungo, kimoja, cha pili, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya watu. Kisha akachukua kigari kitupu na kuanza kushuka kuelekea karakana. Hakuaga. Miaka sita hiyo, ilikuwa mara ya kwanza anaondoka bila kuaga.

Juu kule namba saba lilikuwa linageuka kwenye jua, zuri, mtu yeyote angelitazama. Na Subilaga, baada ya yote yale, jambo la kwanza aliloliangalia lilikuwa kama mumewe atainua kichwa.

Hakuinua. Alikuwa ameachia kigari katikati ya njia, ameifungua mikono yake yote miwili mbele ya uso, na alikuwa anaitazama hiyo.